Katiba Inayopendekezwa: tupige NDIYO au HAPANA?

Wakuu, kura ya maoni ikiitishwa upya, Katiba Inayopendekezwa ya 2014 inapita kwa kiwango gani? Na HAPANA ikishinda tunabaki na nini?

Jibu 1
Mkuu, hesabu ni mbili. Inahitaji zaidi ya nusu ya kura halali Bara, na zaidi ya nusu Zanzibar. Bara wakipitisha kwa kishindo na Zanzibar wakakataa, haijapita. HAPANA ikishinda, Katiba ya 1977 inaendelea. Mimi ni NDIYO: ina mgombea huru (asiye na chama), usawa wa wanawake na wanaume bungeni, na matokeo ya urais yanapingwa mahakamani. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya sasa inafunga kabisa mlango huo.

Jibu 2
HAPANA, ndugu yangu. Weka rasimu ya Tume ya Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi, pembeni ya hii uone: serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar) zimeondolewa, na haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge wao haimo. UKAWA, umoja wa wapinzani, walitoka Bunge Maalum la Katiba Aprili 2014, waliobaki wakapitisha Oktoba. Katiba ni ya maridhiano, jamani! Ukiipitisha sasa, muundo wa Muungano hautaguswa tena kwa miaka mingi.

Jibu 3
Msisahau daftari la wapiga kura. Kura ya 30 Aprili 2015 iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa BVR (wa kielektroniki, kwa alama za vidole) haukukamilika. Daftari kwanza, halafu nakala za Katiba hii zifike vijijini mapema.