Tupeane uzoefu: kufundisha sura ya nchi kwa kusoma na kuandika, Gredi ya 7 hadi 9

Mwalimu, Kayole: Walimu wenzangu wa Masomo ya Jamii, watoto wanakariri vizuri maana ya bonde la ufa, lakini ukiwauliza lilitokeaje, kimya. Tupeane mbinu za kusoma na kuandika. Leteni hatua na vipimo. "Darasa lilichangamka" haitusaidii.

Mwalimu, Barabara ya Ngong: Anza na maandishi, vitabu vya picha vikiwa vimefungwa. Kifungu kisizidi maneno 150. Chukua Longonot: mlima wa volkano, mita 2,776, kileleni kuna kasoko (shimo la volkano) pana yenye msitu ndani, na ubavuni mifereji iliyochimbwa na mvua kwenye jivu laini. Mara ya kwanza wasome bila kalamu. Mara ya pili wapigie mstari vitenzi tu: ulilipuka, kikadidimia, ikachimbwa. Mara ya tatu wachore kwa penseli wakifuata kifungu peke yake. Wengi watachora pembetatu yenye ncha, kwa sababu kila mlima vichwani mwao uko hivyo. Usiwasahihishe. Waambie waweke kidole kwenye sentensi inayotaja kasoko, wataifuta ncha wenyewe. Picha ya kitabu ikionekana mapema, basi tena, wananakili.

Mwalimu, Eastlands: Kwa kuandika hakuna kama mto. Wape Mto Nairobi: unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita mjini, unaungana na Athi, ambao mbele huitwa Galana kisha Sabaki, hadi Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Aya moja, sentensi 8, kwa mpangilio wa maji yenyewe. Kila sentensi itaje mahali na kazi ya maji pale: yanachimba, yanabeba au yanatua mzigo wa udongo. Sentensi ya mwisho ijibu kwa nini bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo mvua zikinyesha bara.

Kinachoharibu zoezi hili Nairobi ni takataka. Kufikia sentensi ya tatu mto umeshajaa karatasi za plastiki na insha imekuwa ya uchafuzi. Usiwakataze, watakuona huoni. Waahidi aya ya pili ya uchafuzi, ile ya kwanza ibaki ya maji na udongo.

Mwalimu, Embakasi: Sawa mwalimu, lakini darasa la watoto 70 nitasahihisha saa ngapi?

Mwalimu, Eastlands: Husahihishi zote. Wabadilishane madaftari, jirani achore kwa kufuata aya tu. Akikwama aandike swali pembeni, kama "maji yametoka upande gani?", na mwandishi arekebishe papo hapo. Wewe kusanya 10 kwa wiki, uangalie mpangilio wa matukio tu. Tahajia ina siku yake.

Mwalimu, Rongai: Gredi ya 9 wapelekeni kwenye ufa uliofunguka karibu na Suswa Machi 2018, ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Andika vifungu viwili vya maneno 80 hivi. Cha kwanza: ardhi inavutwa, kwa hiyo imepasuka. Cha pili: mvua kubwa imeosha jivu la volkano lililokuwa limejaza mpasuko wa zamani. Mwanafunzi achague upande, aandike sentensi 5, mbili kati yake zikiwa ushahidi kutoka kwenye kifungu. Neno "kwa sababu" lisipoonekana, arudishiwe daftari.

Wengi hukimbilia "Afrika inagawanyika" kana kwamba ni wiki ijayo. Hapo wapigishe hesabu kabla hawajaandika: mabamba, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, yanaachana milimita chache tu kwa mwaka. Ukichukua 6, mita moja itachukua zaidi ya miaka 160. Ufa wa Suswa ulikuwa na upana wa mita kadhaa ulipoonekana. Waulize huo upana wote ulitoka wapi, kisha waache waandike.