Kupanda mlima mgumu nikiwa na miaka 52: je, miezi mitano ya maandalizi inatosha?

Mtembea Jioni anauliza:

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu. Nina umri wa miaka 52, na marafiki zangu watatu, ambao wote nimewazidi kwa miaka kumi au zaidi, wamenialika tupande mlima kwa siku moja: tuanze kabla jua halijachomoza, tufike kileleni, kisha turudi tulipoanzia kabla giza halijaingia. Njia nzima, kwenda na kurudi, ni kilomita 18. Tunaanzia mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kilele kiko mita 2,900, na sehemu ya juu ina changarawe inayoteleza na mawe ambayo mtu hulazimika kuyashika kwa mikono.

Kazi yangu ni ya kuketi. Jioni hutembea dakika 40, mara tatu au nne kwa wiki, kwenye njia tambarare. Natumia dawa za shinikizo la damu, na goti langu la kulia huuma ninaposhuka ngazi, ingawa ninapopanda silisikii kabisa. Mwezi uliopita nilijipima kwenye kilima chenye mwinuko wa mita 400. Nilipanda bila taabu na kushuka nikipiga soga, lakini siku ya pili yake mapaja yalikaza kiasi kwamba chooni niliketi na kuinuka kwa kushika ukuta, na siku ya tatu hali ilikuwa mbaya zaidi.

Wenzangu wanasema nikimbie kila asubuhi ili nijenge pumzi. Je, kukimbia ndiyo dawa, na je, miezi mitano niliyobakiwa nayo inatosha?

Fimbo Mbili anajibu:

Ndugu Mtembea Jioni, jibu umelitoa mwenyewe bila kujua. Ulipanda mita 400 na pumzi haikukushinda, kisha ukashindwa kuketi. Kilichokuumiza ni kushuka, na wenzako wanataka kukutibu ugonjwa usio wako. Nimeongoza watu milimani kwa miaka mingi, na wale waliovuka miaka 45 ambao nililazimika kuwashika mkono, karibu wote walikuwa wakirudi, si wakienda.

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikaza na kuuinua mwili, na ukichoka unasimama, unavuta pumzi, unaendelea. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo hugeuka breki: hurefuka huku imebeba uzito wako wote, hatua baada ya hatua, na kazi ya namna hiyo huzijeruhi nyuzi za misuli isiyoizoea. Maumivu huja baadaye, yakazidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kama ulivyoona. Nguvu, hata hivyo, hupungua pale pale mlimani, na paja lililochoka haliwezi tena kulikinga goti; mguu huanza kutetemeka kila unapokanyaga, na hapo ndipo watu huanguka. Bahati nzuri ni kwamba misuli hujifunza upesi: ikishushwa mlimani mara moja kwa kipimo, mara ya pili huumia kidogo sana, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo tafuta ngazi. Simama kwenye kidato kwa mguu mmoja, ushushe wa pili polepole huku ukihesabu hadi nne, kisigino kiguse sakafu bila kukiegemea, kisha urudi juu. Goti la mguu uliosimama lielekee kidole cha pili na lisilale kwa ndani. Jitazame kwenye kioo, maana wengi huapa kwamba goti limenyooka ilhali limelala. Anza na mara nane kwa kila mguu, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki, na kidato kiwe kifupi kwa ajili ya goti hilo la kulia. Likiuma zaidi kesho yake, punguza kimo cha kidato, lakini usiliache zoezi. Baada ya wiki sita ongeza begi mgongoni. Pamoja na hayo, kila baada ya wiki mbili panda na ushuke kilima halisi, ukiongeza mwinuko kidogo kidogo mpaka ufikie mita 1,000 wiki tatu kabla ya safari, kisha uipumzishe miguu. Kano huimarika polepole kuliko misuli, na ndiyo maana miezi mitano inatosha, lakini miwili isingetosha. Ukipenda kukimbia, kimbia. Hakutakudhuru, ila si huko utakakoupata mteremko.

Nunua fimbo mbili, si moja, uzifupishe unapopanda na kuzirefusha unaposhuka. Kabla ya kuanza kushuka, keti, fungua kamba za viatu na uzifunge upya, ukikaza penye kifundo ili mguu usisukumwe mbele, na kucha za miguu uwe umezikata mapema. Nimeona kucha nyingi nyeusi za watu waliozionea uchungu dakika hizo tatu.

Bado Nipo anajibu:

Mbona mnamtisha mwenzenu? Mjapani Yuichiro Miura alifika kilele cha Everest mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 80. Mwenye miaka 52 ni kijana.

Fimbo Mbili anajibu:

Mfano ni mzuri, ila uumalizie. Mzee Miura ameishi maisha yake yote milimani, na alikuwa amekwisha kufika kilele hicho akiwa na miaka 70 na tena 75. Hiyo 2013 alipokuwa akishuka, alichukuliwa na helikopta kutoka kambi iliyo kwenye mita 6,500 hivi. Kilele alikipata, njia ya kurudi ndiyo iliyomlemea.

Zamu ya Usiku anajibu:

Mimi ni muuguzi, nami nilianza milima baada ya kutimiza miaka 45. Kabla ya kuongeza mazoezi, mwone daktari wako na umtajie mwinuko na idadi ya saa, usimwambie tu kwamba unakwenda kutembea. Dawa za shinikizo la damu hazifanani. Zipo zinazozuia mapigo ya moyo kupanda, na anayezitumia akiifuata saa ya kupimia mapigo hupotoka. Zipo zinazoongeza mkojo, ambazo siku ya jasho jingi humkausha mtu upesi. Usiache wala kupunguza dawa kwa kujiamulia. Mwendo upime kwa maongezi: ukiweza kutamka sentensi nzima, uko salama, ukitoa maneno mawili mawili, punguza. Kifua kikibana, au maumivu yakienda kwenye taya au mkono, simama na uombe msaada, wala usisingizie umri.

Goti linalouma wakati wa kushuka mara nyingi hulalamikia nyuma ya pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele, na zoezi la Fimbo Mbili hulisaidia, lakini likivimba, likikwama au likilegea ghafla, lichunguzwe kwanza. Mita 2,900 si nyingi, ila kule juu mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo utahema kuliko ulivyozoea. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, teremka. Beba koti pia: joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6 kila mita 1,000.

Bibi wa Vilima anajibu:

Nina miaka 58, na mlima wangu wa kwanza sikuumaliza. Nilikiona kilele, nikahesabu hata watu waliosimama juu yake, nikageuka. Sikugeuka kwa busara: ilikuwa imetimia saa 8 mchana, na niliyekuwa naye aliniuliza kama nina tochi. Sikuwa nayo.

Tangu siku hiyo napiga hesabu kabla ya kufunga begi. Mskoti Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo hadi leo inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yako inakuwa saa 6 na dakika chache, lakini hizo ni za mtu mwenye nguvu, asiyepumzika, na kanuni hiyo haiuhesabu mteremko mgumu. Kwa rika letu mimi huongeza nusu yake, kisha saa nzima ya kuketi, kwa hiyo ziandike saa 10. Mkiondoka saa 11 alfajiri mtakuwa chini saa 9 alasiri, na akiba inabaki. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa 6 mchana, popote mtakapokuwa. Tochi ya kichwani ibebwe hata kama hesabu imetoka vizuri.

Mtembea Jioni anajibu:

Nawashukuru sana. Jioni hii nilisimama mbele ya kioo kama nilivyoelekezwa. Goti la kulia linalala ndani hata kwenye kidato kisichozidi unene wa vitabu viwili, na kabla ya leo ningekula kiapo kwamba limenyooka. Kwa daktari nitakwenda wiki hii. Limebaki jambo moja: wenzangu ni watu wa kusema "tumekaribia". Nikiwatajia saa ya kugeuka wakanicheka, nifanyeje?

Bibi wa Vilima anajibu:

Usiwaombe wao wageuke. Waambie kwamba wewe utageuka saa 6, kisha uulize ni nani atakayerudi nawe, na jina lake lijulikane kabla hamjaondoka, kwa sababu kule juu hakuna atakayejitolea. Asipopatikana, usiende na kundi hilo. Yule aliyeniuliza habari za tochi ndiye niliyefika naye kileleni mwaka uliofuata.