Filingi inabanduka kila mara: kupiga jino leza kutasaidia gundi kushika?

Mwanaisha_M:
Habari za majukumu wadau. Nina jino la juu, lile linalofuata chonge, limelika pale linapokutana na ufizi. Halijaoza, limelika tu umbo la kabari, na maji baridi yakigusa hapo naruka. Lilizibwa kwa ile dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu, ikatoka nzima nikiwa napiga mswaki. Likazibwa tena, ikatoka tena. Sasa daktari mwingine anasema ana leza: ataupiga uso wa jino kwanza ukwaruzike, ndipo apake gundi, na haitatoka. Ni kweli au ni biashara tu? Na hiyo leza haiunguzi jino?

Kibwana:
Dada nenda tu. Mimi nilichimbwa jino kwa leza, sikusikia ule mlio wa keekee unaotoboa ubongo. Filingi ipo hadi leo.

MzeeWaMagego:
Kibwana, kukosa mlio ni jambo moja na filingi kushika ni jingine. Natibu meno na leza ninayo. Naipenda, hasa kwa wagonjwa wanaoogopa keekee. Lakini "haitatoka" ni neno ambalo mimi sithubutu kumwambia mgonjwa.

Mwanaisha, enameli, lile ganda la nje, karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Asidi ya fosforiki ikikaa juu yake sekunde 15 hadi 30 inachimba vitundu vidogo mno, resini, ile gundi ya majimaji, inaingia humo na kugandia. Daktari wa meno Buonocore alionyesha njia hiyo mwaka 1955 kwa asidi ya asilimia 85. Siku hizi tunatumia ya 37 hivi, na kwenye enameli sijaona cha kuishinda. Dentini iliyo chini yake ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu ina maji na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Asidi ikiondoa madini, nyuzi zinabaki wazi, gundi inazama katikati yake na kukauka humo. Hapo ndipo inapokamatia.

Leza ya kazi hii ni ya erbiamu, kwa mfano Er:YAG yenye mawimbi ya nanomita 2940, ambayo maji huyafyonza mno. Maji yaliyomo ndani ya jino yanageuka mvuke ghafla na kuyapasua madini. Ukitazama kwa hadubini unapenda: uso umeparuzika, mirija ya dentini iko wazi, na ule utando wa ungaunga unaoachwa na keekee haupo. Picha hizo ndizo zinazouza mashine! Ila chini kidogo ya uso huo joto linaweza kuwa limezigandisha nyuzi za kolajeni, resini isipite, na pengine kuna nyufa. Vipimo vya maabara havikubaliani vyote, lakini dentini iliyopigwa leza bila kupakwa asidi mara nyingi hushika kidogo kuliko iliyokwanguliwa kwa keekee ikapakwa asidi. Anayeijua kazi hupunguza nishati mwishoni, kisha anaendelea na asidi na gundi kama kawaida.

Kuhusu kuungua: inapigwa huku maji yakipulizwa. Bila maji, usikubali. Na wote chumbani mvae miwani ya kukinga macho.

Jino lako lina shida yake pia. Dentini inayobaki wazi muda mrefu pembeni ya ufizi hukomaa, mirija yake ikajazwa madini, asidi ikashindwa kuingia vizuri. Kuikwaruza kidogo kunasaidia, iwe kwa leza au kwa keekee. Na hapo karibu na ufizi majimaji na damu kidogo tu vinaharibu kila kitu. Muulize atakavyolikausha jino kabla hujamuuliza habari za leza.

Salim_K:
Mkuu, leza zote ni zile zile?

MzeeWaMagego:
Hapana. Ile ndogo ya diodi inayokatia ufizi haina kazi hapa. Daktari wake amtajie Mwanaisha aina, na amwambie kama atapaka asidi baada yake.

Mwanaisha_M:
Asante sana daktari. Hakuna aliyewahi kunieleza habari za kukausha. Mara ya mwisho pamba ilikuwa imelowa mate chapachapa. Halafu mume wangu hulalamika kwamba nasaga meno usiku, sijui kama linahusiana.

MzeeWaMagego:
Linaweza kuhusiana. Wataalamu hubishana ni kiasi gani, lakini jino linalobanwa sana hupinda kidogo shingoni, na filingi yako iko hapo hapo shingoni. Mwambie daktari kabla hajaanza, akague unavyouma na aone kama unahitaji kinga ya kuvaa usiku. Na kwa pamba ile, mwombe shuka ya mpira, ile inayotandazwa kuzunguka jino kuzuia mate. Isipokaa vizuri pale ufizini, basi uzi wa kusukuma ufizi, na pamba ibadilishwe kila inapolowa.

Mwanaisha_M:
Nina miadi naye wiki ijayo. Nitamuuliza yote hayo kabla sijafungua mdomo.

Kibwana:
Utamuulizaje bila kufungua mdomo 😂