Karakana wazi Dodoma: wageni wanasifia, wanapiga picha, wanaondoka. Tufanyeje?

RangiNaMsasa, Ipagala
Mbukwenyi wadau. Tuko wanne kwenye karakana moja: wachoraji wawili, mchongaji, na fundi wa marimba (kisanduku chenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze la nyuzi. Kila baada ya miezi miwili tunafungua mlango Jumamosi, saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Wageni hawakosi: watumishi, wanafunzi wa chuo kikuu cha UDOM, siku hizi na wanaoshuka treni ya SGR. Wanasifia, wanapiga picha, wanaaga, na wiki ikiisha hatujui hata jina la mmoja. Tunataka wawe watu wetu, si wapita njia. Bei hatujaandika kwa makusudi, tusije tukawafukuza.

UbaoNaBrashi
Hapo kwenye bei ndipo mnapowapoteza, mkuu. Mgeni anaona haya kuuliza halafu ashindwe, kwa hiyo anasifia na kuondoka. Kila kazi iwe na kikaratasi pembeni: jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo kwa sentimita, bei. Wekeni pia meza ya vitu vidogo vya chini ya shilingi 20,000, maana mwanafunzi naye anapenda kutoka na kitu mkononi.

Kisha tengenezeni ubao wa hatua. Chukua hadibodi ya sm 80 kwa 20, igawe sehemu nne kwa penseli. Ya kwanza ipige msasa tu. Ya pili ipake nyeupe ya chini, mikono miwili, yaani mara mbili. Ya tatu weka mandhari na umbo la mnyama bila mistari. Ya nne imalizie. Ubao ulale mezani, usitundikwe, watu waupapase. Kidole kikifika mpakani mwa sehemu ya pili na ya tatu, mgeni mwenyewe anauliza rangi inakauka baada ya muda gani, na hapo mmeshaanza kuongea bila wewe kumvizia. Uandaliwe wiki mbili kabla. Rangi ya mafuta ya kopo hushika ndani ya saa kadhaa, lakini kukomaa huchukua siku. Ikiwa bado laini itabeba alama za vidole na vumbi lote la Dodoma.

Na msanii awe kazini, amekaa ubavu kwa mlango, asiwape watu mgongo. Achague kazi ya kujaza rangi, anayoweza kuiacha wakati wowote mtu akimsemesha. Macho ya nyoka na nyuzi za manyoya ziachwe kwa siku nyingine.

MvumoWaMarimba
Kwa marimba angalieni sana. Marimba nyingi za Kigogo zina tundu lililobandikwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo wa kukwaruza. Mgeni akipitisha kidole hapo, utando unapasuka na sauti inapooza. Toeni moja ya kushikwa, nyingine zikae juu. Mgeni ashike kisanduku kwa mikono miwili, vidole gumba juu ya vyuma, apewe mzunguko wa noti nne tu aurudie huku fundi akipiga yake juu ya mzunguko huo. Dakika tatu zinatosha, na mara nyingi akimaliza atamuuliza fundi jina lake. Zeze la ngozi lisikae juani: ngozi inakaza, sauti inapanda, na saa 8 mchana halitalingana tena na marimba.

Daftari_Safu4
Daftari lenye "jina na maoni" halisaidii chochote. Piga safu nne: jina, simu, kazi aliyosimama nayo muda mrefu, anakubali kutumiwa ujumbe au hapana. Safu ya tatu ijazwe na mwenyeji, tena papo hapo, kwa sababu jioni mtakuwa mmeshachanganya watu. Safu ya nne msiidharau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na kumtia mtu kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa yake ni kumfukuza.

Ndani ya siku mbili mtumie picha ya kazi ileile aliyoitazama na jina la msanii, bila kumdai anunue. Ujumbe wa pili uende wiki moja kabla ya siku inayofuata, kila mtu kwa jina lake. Akiagiza kazi, chukueni nusu ya malipo na muandike karatasi nakala mbili: vipimo, rangi kuu, tarehe ya kuchukua. Humo humo iandikwe kwamba ananunua picha, si hakimiliki. Ofisi ikija kuichapa kwenye kalenda, mtashukuru mstari huo.

RangiNaMsasa
Asanteni sana, bei tunaandika. Na upepo wa Agosti je? Na picha ya turubai ya mtu anayerudi Dar kwa treni?

UbaoNaBrashi
Upepo: mwagieni maji uwanja saa 2 asubuhi na tena saa 7, fungeni madirisha ya upande unakotoka, kazi mbichi zisitoke nje kabisa. Turubai iliyokomaa ivueni fremu na muizungushe kwenye bomba la inchi 4, upande wenye rangi ukitazama nje. Ukiwa ndani, rangi inabanana na kuvunjika. Juu yake karatasi ya kuokea, siyo nailoni, maana nailoni hunata kwenye joto. Rangi ya kopo iliyopakwa nene msiizungushe hata kidogo: iacheni kwenye fremu, katikati ya maboksi mawili, na pembe nne zifungwe vitambaa.