Ticha wa tuisheni kamfundisha mjukuu wangu kuwa kusini ni pande zote. Hela yangu narudishiwaje?

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira, lugha yangu mtaivumilia. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za vichekesho.

Niko Mwanga, Kigoma, mstaafu wa reli. Mjukuu wangu yuko darasa la saba, mtihani wa taifa huo unakuja, kwa hiyo tunamlipia tuisheni ya jioni hapa mtaani, buku kwa siku. Juzi nikachukua daftari lake la Jiografia nione anaendeleaje. Ukurasa mzima kachora duara. Katikati kaandika KASKAZINI. Ukingoni kaandika KUSINI mara nne: juu, chini, kushoto, kulia. Na ticha kapiga vema kwa wino mwekundu, kaweka na "Vizuri sana" chini yake.

Nikajua mtoto kachanganya mambo. Nikampigia ticha. Kumbe ndivyo alivyofundisha! Eti dunia ni bapa, Ncha ya Kaskazini iko katikati, Antaktika ni ukuta wa barafu uliozunguka ukingo, na sisi wazee "tumekaririshwa". Nikamuuliza, haya, mashariki iko wapi? "Mzee, kafanye utafiti." Akakata simu.

Utafiti huu hapa.

Kwenye huo ungo wake, kaskazini ni kuelekea katikati na kusini ni kuelekea ukingoni, popote ulipo. Hapo sijagombana naye bado, maana hata kwenye tufe kaskazini zote zinakutana kwenye ncha moja. Balaa liko mashariki na magharibi. Kwenye ungo, kwenda mashariki ni kuzunguka katikati huku kaskazini umeiweka mkono wa kushoto muda wote, na kadiri unavyoshuka kusini duara linazidi kutanuka. Kwenye tufe ni kinyume: ukishavuka ikweta miduara inaanza kupungua mpaka inaishia kwenye Ncha ya Kusini. Sisi Kigoma tuko karibu digrii 5 kusini ya ikweta. Kwa hiyo ubishi huu tunaumaliza hapa hapa nyumbani, bila roketi wala picha za NASA ambazo hao jamaa wanadai zimechorwa.

Jua la Kigoma huzama wastani wa dakika 39 baada ya la Dar es Salaam. Mwenye ndugu Dar anajua: wao wameshawasha taa, sisi bado tunaliona juu ya milima ya Kongo. Jua humaliza digrii 360 kwa saa 24, hilo hata ticha hakatai, kwa hiyo dakika 39 ni digrii 9 na nusu na ushei. Kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta ni kilometa 10,000, na ramani yao inakubali. Ongeza kama 650 mpaka kwenye usawa wetu sisi na Dar. Duara la ukubwa huo lina mzingo wa kilometa kama 67,000. Toa humo digrii zako 9 na nusu na ushei. Unapata karibu kilometa 1,800 kutoka Dar hadi Kigoma, mstari mtupu, hakuna kona.

Reli ya Kati, Dar hadi Kigoma, ni kama kilometa 1,250.

Na hizo ni pamoja na kona zote, kupanda Dodoma, kupita Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, ndipo uione Kigoma. Mjerumani alianza kuijenga 1905, akafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Mataruma yalilazwa moja moja na babu zetu, hayakulazwa kwa imani. Sasa ticha aniambie, reli yenye kona inakuwaje fupi kuliko mstari ulionyooka, tena kwa zaidi ya kilometa 500? Tabora hadi Kigoma peke yake reli ni kama 410, ungo unadai 580. Kwenye tufe mstari wa Dar hadi Kigoma ni kama 1,090, ukiweka na kona unafika 1,250 bila kulazimisha. Nimekula mshahara wa reli hiyo, halafu kijana aniambie nimekaririshwa!

Ziwa nalo. Tanganyika ina urefu wa kilometa kama 670 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kama 50. Ungo wake haugusi urefu, ila upana unakuwa zaidi ya 80. Wenye maboti ya kwenda ng'ambo wanajua mafuta wanayonunua, nendeni Kibirizi mkawaulize.

Tukirudi kwenye jua lenyewe. Tarehe 21 Machi linachomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Kwenye ungo, jua siku hiyo linazunguka juu ya ikweta, kwa hiyo hapa Kigoma lingetokea kaskazini-mashariki na kutokomea kaskazini-magharibi, kule upande wa mji wa Baraka, Kongo. Kutokomea kwenyewe basi lingetokomea! Kwa kimo cha kilometa 5,000 wanachokipigia debe, saa moja jioni lingekuwa bado lipo angani, digrii 19 hivi juu ya maji. Wavuvi wa dagaa wangewasha taa za nini?

Halafu anajitetea kwamba dira inaonyesha katikati ya ungo, basi kamaliza. Hajamaliza. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ukiileta huku, ncha yake ya kusini inainamia chini mpaka sindano inakwaruza, kwa sababu tuko upande wa kusini wa ikweta ya sumaku. Ndiyo maana watengenezaji wanatoa dira za kanda tofauti. Sumaku moja iliyokaa katikati ya ungo haiwezi kuvuta ncha ya kusini iinamie ardhi ya Kigoma.

NYONGEZA: Naona mmeanza.

Mkuu uliyeandika "kila mtu na mtazamo wake", mtazamo ni Simba na Yanga. Mtoto akiulizwa kwenye mtihani achore dira akaweka kusini nne, utaenda kumtetea wewe?

Na wewe uliyesema ndege za kusini kwa kusini hazipo: Sydney hadi Santiago ya Chile zinaruka moja kwa moja, kama kilometa 11,300, saa 12 hadi 14 angani. Kwenye ungo ni zaidi ya 25,000. Hiyo ndege inajaziwa mafuta na malaika?

Suala la Antaktika limeshaisha kitambo. Desemba 2024 mchungaji mmoja wa Colorado, Will Duffy, aliwapeleka huko baadhi ya hao hao wa dunia bapa wakaliona jua likizunguka saa 24 bila kuzama, kitu ambacho kwenye ungo hakiwezekani. Jeran Campanella, mmoja wa watangazaji wao wakubwa, akakiri hadharani kwamba alikosea kuhusu jua hilo. Ticha wetu wa Mwanga bado anasema kafanye utafiti.

Ninachotaka ni hiki. Jumamosi naenda pale tuisheni na daftari. Afute ule ukurasa mbele ya watoto wote aliowafundisha, siyo mjukuu wangu peke yake, na hela ya mwezi huu airudishe. Hawa wa tuisheni za mtaani hawana risiti wala usajili ninaoujua, kwa hiyo aliyewahi kudai akalipwa anijuze alianzia wapi: serikali ya mtaa, au ofisi ya elimu kata?