Bomba jipya la kijiji: kuna haja ya kufikiria tetemeko huku Sengerema?

Mhazini_Sengerema:

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa mabomba, maana kikao chetu ni Jumamosi na mimi ndiye nitakayesimama kusoma bajeti.

Mimi ni mhazini wa chombo cha watumia maji. Kijiji kiko upande wa Sengerema, ukishavuka Busisi unaendelea pembeni mwa ziwa. Maji tunayavuta ziwani, pampu inayapandisha kwenye tenki la zege juu ya kilima chenye haya majabali ya huku kwetu, halafu yanashuka yenyewe mpaka kwenye vituo vya kuchotea. Bomba la kushuka limechoka na tumepata fedha za kulibadilisha lote. Likitoka tenkini linapita kwenye luseni, mchanga mtupu, linaingia itogolo, ule udongo mgumu wa chini ya mteremko, likifika chini linakatiza mbuga, bonde la udongo mweusi lenye mashamba ya mpunga, ndipo linapanda tena kidogo kwenda senta na zahanati.

Kwenye kikao kilichopita mzee mmoja ambaye mwanawe anaishi Bukoba alinyoosha mkono akauliza: "Hilo bomba jipya, likija tetemeko kama lile la Kagera, litapona?" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mwaka 2016 siku ile nilikuwa Mwanza mjini dukani kwa shangazi, na chupa za soda zilianza kugongana kwenye shelfu mpaka mteja akakimbia bila chenji yake.

Fundi ametuletea bei mbili. Ya kwanza ni pivisi ya kijivu yenye ringi za mpira. Ya pili ni polipaipu nyeusi ya kuchomelea, nayo imezidi kwa karibu robo ya bei. Wajumbe wanataka ya bei nafuu, na siwalaumu, kwa sababu hela hiyo ni ya ndoo za watu.

Tetemeko ni hoja ya kweli huku kwetu au tunatishana? Na kama ni ya kweli, hiyo robo iende kwenye bomba lenyewe au kuna pahala pengine pa kuiweka? Naomba anijibu mtu aliyewahi kushika spana.

Kratoni:

Dada, nikutoe wasiwasi. Kanda ya Mwanza imekaa juu ya mwamba wa kale sana, ndiyo maana una hayo majabali. Bonde la Ufa lilipofika kwetu liligawanyika mikono miwili likatuzunguka: wa magharibi unapita Albert, Tanganyika na Rukwa, wa mashariki unapita Natron, Manyara na Eyasi. Mitikisiko mizito iko huko. Lile la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa 7.4. Sisi tuko katikati tunasikia mwangwi tu.

Nunueni pivisi, hela inayobaki wekeni mita za kulipia kabla. Maji mengi ya vijijini yanapotea kwa wasiolipa, siyo kwa matetemeko.

Wa_Hamugembe:

Mkuu Kratoni, hiyo ramani hata sisi Bukoba tulikuwa nayo. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, likaja la 5.9. Lilianzia chini sana, kama kilomita 40, na bado liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba za matofali huku Hamugembe. Ihungo sekondari ilivunjika vibaya. Mwaka mmoja kabla ya hapo ungemwambia mtu wa Bukoba ajenge kwa kufikiria tetemeko angekuona mchawi.

Dada mhazini, nikupe nililoliona kwangu. Bomba lililozikwa shambani halikupata kitu. Lilikatika pale linapotoboa msingi wa nyumba, na pale linapoingia kwenye tenki. Kwa jirani vilevile. Hapo ndipo pa kuangalia.

Mzee_Geti_Valvu:

Marahaba kwa wote mtakaoniamkia baadaye.

Mwanangu mhazini, mimi ni fundi bomba mstaafu, nimezeekea kwenye mitaro ya ukanda huu tangu tulipokuwa tukilaza mabomba ya asbesto. Kratoni hajakosea: hatari ya huku ni ndogo ukilinganisha na Rukwa au Kigoma. Wa_Hamugembe naye ameona kwa macho. Lakini wote wawili wamelipita jambo moja lililo kwenye maelezo yako mwenyewe, nalo ni mbuga.

Kinachovunja bomba wakati wa tetemeko mara nyingi siyo ule mtikisiko. Ardhi ikitikisika ikarudi mahali pake, bomba zuri linavumilia. Shida ni ardhi inayosogea na isirudi: mchanga wenye maji uliolainika ukawa uji, ukingo wa mto ulioporomoka, ufa uliofunguka. Na shida ya pili ni bomba lililoshikwa na kitu kigumu upande mmoja, upande wa pili liko kwenye udongo laini. Huku kunakaa, kule kunakwenda, na kiungo kilicho katikati ndicho kinacholipa.

Sasa soma tena njia ya bomba lako. Tenki liko juu ya jabali, halihami. Chini kuna mbuga. Ile mbuga unaijua: ikifika Septemba inapasuka nyufa ambazo mkono unazama mpaka kiwikoni, mvua za Novemba zikinyesha inavimba na kujifunga. Kila mwaka inalivuta bomba kidogo na kulisukuma kidogo. Pivisi ya ringi haina kinachoishikilia ndani ya soketi, ule mdomo mpana wa bomba la pili, isipokuwa msuguano wa mpira na uzito wa udongo. Inachomoka taratibu, siku moja unaona mpunga wa mtu mmoja umestawi kiangazi kuliko wa wenzake, ndiyo unajua bomba limeachia.

Kwa hiyo tetemeko unalo kila mwaka, linakwenda polepole tu. Kiungo kinachostahimili la Kagera ndicho kitakachostahimili mbuga. Jumamosi usiende kubishana na wajumbe kuhusu Bukoba. Nenda na daftari la matengenezo. Hesabu mapasuko ya mbugani kando, ya kilimani kando, halafu uwasomee gharama za ringi, za vibarua na za siku ambazo vituo vilikauka. Nitashangaa sana kama mbuga haitaongoza.

Kuhusu hiyo polipaipu, siyo maneno ya muuza duka. Christchurch kule New Zealand, tetemeko la Februari 2011 lililainisha ardhi mitaa kwa mitaa. Asbesto na mabomba mengine magumu yalikatika ovyo. Polipaipu zilizokuwa zimelazwa kwenye maeneo yaleyale karibu zisipate kitu, kwa sababu zikichomelewa vizuri hazina kiungo cha kuchomoka, njia nzima ni bomba moja na linapinda.

Wajapani wao wana dawa nyingine. Tetemeko la Kobe, Januari 1995, liliacha nyumba zaidi ya milioni moja bila maji, na wengine walikaa hivyo zaidi ya miezi miwili. Lakini kulikuwa na mabomba ya chuma ambayo viungo vyake vinateleza kidogo ndani na nje, vinapinda kidogo, halafu vinajifunga visichomoke, mfano wa mnyororo uliozikwa. Hayo yalisimama. Los Angeles nao walianza kuyajaribu mwaka 2013. Ni mazuri mno na bei yake siyo ya kijiji, nakutajia ili ujue siri iko wapi: iko kwenye kiungo.

Hata bomba nene la chuma lililochomelewa linaweza kushangaza. Uturuki mwaka 1999, pale Kullar, ufa wa ardhi ulikatiza njia ya bomba la kipenyo cha mita 2.2. Lilikunjamana likavuja, lakini halikukatika, maji yaliendelea kupita.

Sasa swali lako la robo iende wapi. Hapa nakuomba uige San Francisco, ingawa hela zao na zenu hazikai kapu moja. Mfumo wao wa maji wa kikanda unatoka milimani Sierra Nevada, zaidi ya kilomita 260, unahudumia watu kama milioni 2.7 na unakatiza nyufa kubwa za ardhi. Waliufanyia marekebisho ya dola bilioni 4.8, na hata kwa hela hiyo hawakung'oa kila bomba. Walianza kwa kujiuliza: baada ya tetemeko kubwa tunataka nani awe anapata maji ndani ya saa 24? Wakajibu, ndipo wakaenda kwenye sehemu zinazoweza kuharibu jibu hilo. Pale bomba linapovuka ufa wa Hayward walilijengea chumba cha zege, ndani yake bomba lina viungo vya kuzunguka na cha kuteleza ili ardhi ikihama nalo lihame.

Nanyi jiulizeni hivyohivyo. Mimi ningesema zahanati na kituo kimoja cha senta. Basi fedha zifuate njia ya hivyo viwili.

Kilimani kwenye luseni tumia hiyo pivisi ya bei nafuu, ikilazwa vizuri haina ugomvi na mtu. Kuanzia itogolo mpaka ng'ambo ya mbuga weka polipaipu. Hapo utakuta ile nyongeza ya robo imepungua sana. Kwenye mtaro usiivute ikanyooka, iache ipindepinde kidogo ili iwe na akiba ya kuvutwa. Zikeni kwa mchanga kwanza, udongo wa mbuga uje juu.

Pale pivisi inapokutana na polipaipu wekeni flenji, yaani sahani mbili zinazobanwa kwa bolti, na zege la kushikilia, maana poli ikipoa inajivuta na itaichomoa pivisi hata bila tetemeko.

Tenkini ndipo ningekaa mwenyewe nisimamie. Bomba lisitoke kwenye ukuta wa zege likaingia ardhini moja kwa moja. Mara tu baada ya ukuta weka kaplingi (kiungio) inayonyumbulika, kipande kifupi cha bomba cha nusu mita au zaidi kidogo, kisha kaplingi nyingine. Tenki likikaa sentimita chache au udongo ukizama, kile kipande kinalala kidogo na hakuna kinachovunjika. Ndicho alichokuwa anakwambia Wa_Hamugembe. Kila bomba linapotoboa ukuta wa chemba, tundu liwe kubwa kuliko bomba, usiligandishe kwa saruji.

Halafu geti valvu, koki kubwa ya kufungia maji, kwenye tenki. Wajapani wana za kujifunga zenyewe ardhi ikitikisika, ili maji ya kunywa yasimwagike yote kupitia bomba lililopasuka. Ninyi wekeni ya mkono, ila ufunguo akae nao mtu anayelala karibu na kilima. Nimeona tenki zima likimwagika usiku kucha kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko msibani wilaya nyingine. Na stoo kuwe na klampu na soketi za saizi yenu. Siku ya balaa kila kijiji kitakuwa kinazitafuta Mwanza kwa pamoja.

Kratoni:

Mzee, hoja ya mbuga nimeikubali, ya tetemeko bado. Ila sasa naona haina haja tubishane, bomba ni lilelile.

Mhazini_Sengerema:

Shikamoo mzee. Wabeja sana, nimeprinti.

Daftari nimeshalifungua. Karibu mapasuko yote ni ya mbugani na upande wa tenki, kilimani katikati hakuna kitu. Sikuwahi kuyapanga kwa mahali, tulikuwa tunayapanga kwa mwezi wa malipo.

Nimempigia fundi nikamweleza mpango wa kuchanganya. Amekubali, ila anasema hana haja ya kuleta mashine ya kuchomelea na jenereta, ataunganisha poli kwa vile viungo vya kukaza kwa mkono, "ni kitu kilekile". Bomba ni la milimita 110. Nimkubalie? Na akileta mashine, mimi nisiye fundi nitajuaje kama amechomelea sawasawa?

Mzee_Geti_Valvu:

Marahaba mwanangu. Usimkubalie. Vile vya kukaza viache kwenye mabomba madogo ya kwenda vituoni. Njia kuu inayokatiza mbuga ichomelewe, la sivyo umenunua polipaipu ukairudishia viungo ulivyokuwa unavikimbia. Mwandikie kwenye mkataba kabla hujampa malipo ya awali.

Kuhusu kumsimamia, simama karibu na uangalie haya. Ncha za bomba zinyolewe na mashine na zifutwe kabla ya kushikana na sahani ya moto, vumbi la luseni ni adui. Kukiwa na upepo au manyunyu, aweke turubai. Zikishaunganishwa utaona ukosi umejikunja kuzunguka bomba pande zote mbili. Uwe sawa mzunguko mzima, siyo mnene juu na mwembamba chini. Asifungue vibano kabla haijapoa, na ukimwona anamwagia maji ili ipoe haraka, kiungo hicho kikatwe kianze upya. Siku ya kwanza mwambie achomelee kimoja cha majaribio, akikate vipande virefu mbele yako na kuvipinda. Kikiachia palepale kwenye mchomeleo, mashine haina joto la kutosha au ncha zilikuwa chafu.

La mwisho, nalo mafundi wengi hulipuuza. Polipaipu nyeusi ikilala juani inarefuka. Bomba la mita 100 likipoa nyuzi 20 linafupika kama sentimita 40. Kwa hiyo wasiifunge kwenye flenji saa nane mchana. Walilaze, walifukie sehemu kubwa, walale. Flenji zote mbili, ya itogolo na ya upande wa senta, zifungwe asubuhi kabla ya saa mbili, bomba likiwa limeshapoa.