Mama mkulima wa mwani anataka nimtoe kwenye dokumentari, na filamu imesimama juu yake. Nifanyeje?

Mtunga_Picha:
Habari za wakati huu wadau. Naombeni ushauri, wiki mbili sasa silali vizuri.

Nahariri dokumentari ya dakika 52 kuhusu wakulima wa mwani Jambiani, Unguja. Kilimo cha biashara kilianza upande ule mwaka 1989 na wengi wa wakulima ni wanawake. Tumerekodi bamvua 4, yaani vipindi maji yanapokupwa sana, maana maji yakiwa mafu shambani hapaingiliki. Nina saa 38 za picha.

Mhusika mkuu ni mama mmoja mtu mzima. Anaeleza jinsi kotonii, mwani wenye bei nzuri, unavyokufa maji yakipata moto, hadi wengi wakabaki na spinosamu wa bei ya chini. Halafu akiwa amekaa juu ya gunia anasema mnunuzi anapanga bei atakavyo, na mizani yake yeye haiamini. Dakika 4 mfululizo, nyuma yake maji yanajaa. Kila niliyemwonyesha alinyamaza kimya.

Juzi binti yake kanipigia. Mnunuzi pale kijijini ni huyo huyo mmoja, na mama anaogopa mwani wake utakataliwa. Anaomba maneno yale yatoke. Fomu ya ridhaa aliitia dole gumba, na wafadhili wanataka kazi mwisho wa mwezi ujao. Nikiyatoa, nabaki na mtaalamu anayesoma takwimu ofisini.

Fundi Mkasi:
Yatoe, mkuu. Fomu ilikuwa ya lugha gani? Kama ni Kiingereza na alielezwa harakaharaka pale ufukweni, dole gumba lile halikulindi mbele ya Mungu wala mbele ya wanawe.

KameraMkononi:
Mimi nakataa. Bei ndiyo habari yenyewe, ukiitoa unamsaidia mnunuzi. Mfiche uso, badilisha sauti, songa mbele.

bint_kusini:
Samahani kaka yangu, kwetu kuficha uso hakufichi kitu. Nimefunga mwani na mama yangu tangu niko skuli. Mtu twamjua kwa kanga yake, kwa mwendo, kwa pale vigingi vyake viliposimama. Akisema maneno mawili tu, kijiji kizima kishamtambua. Nyinyi mkishamaliza mnapanda boti mnarudi Dar, yeye anabaki na gunia lake.

Mtunga_Picha, rudi ukae na kikundi chao kizima. Wakiamua kulisema la bei, waliseme wengi pamoja, asibebe mmoja. Na rekodi siku ya kupima: mwani umekaa baharini wiki 6, umeanikwa, umebebwa kichwani, kisha fedha inahesabiwa mkononi. Hapo hahitajiki mtu kusema neno. Mama mwenyewe muulize habari za kufuata maji ya kina yasiyopata moto ilhali hajui kuogelea. Wako wengi wa hivyo, na hilo halimgombanishi na mtu.

Fundi Mkasi:
Bint_kusini kamaliza. Naongeza ya mezani kwangu tu.

Ukitoa sentensi za bei, angalia usimuunganishe akaonekana ameridhika. Nimewahi kuona mkato wa namna hiyo: bibi analalamika, mhariri kabakisha "tunashukuru" peke yake. Huo ni uongo hata kama kila neno ni lake. Bora ubakishe ule ukimya kabla hajaanza kusema, mikono yake na sauti ya maji, kisha uende kwenye mizani.

Pili, toa kila mahali. Tangazo fupi, toleo la awali ulilowatumia wafadhili, kopi za kwenye simu za vijana wako. Waandikie wafadhili leo uombe muda. Na bamvua utakayorudi funika maiki vizuri, upepo wa kusi hauna huruma.

KameraMkononi:
Nimesoma. Hili la kutambulika kwa mwendo sikuliwaza. Nafuta ushauri wangu.

Mtunga_Picha:
Asanteni sana, hasa dada bint_kusini. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kweli. Nimempigia mama mwenyewe na nimemuomba radhi. Amesema bado anataka kuonekana, ila aonekane na wenzake, na kwanza aione kwenye simu ya binti yake kabla haijaenda popote. Wafadhili wamenipa wiki 3 zaidi. Zile dakika 4 nimezitoa leo asubuhi, na toleo la zamani nimewaomba walifute. Bamvua ijayo niko Jambiani.